Hipnosisi Milimani, Kisumu: lipia utulivu, usilipie kumbukumbu

Huduma hii ya hipnosisi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka akili yake ielekee mahali pamoja, iko ghorofa ya pili, Milimani, mbali vya kutosha na barabara kuu hata honi za matatu hazifiki. Bei imebandikwa mlangoni: shilingi 3,500 kwa kikao cha saa moja na robo, au 9,000 ukilipia vitatu kwa mkupuo. Wanauza mambo matatu. La kwanza ni kupunguza wasiwasi na kurudisha usingizi. La pili ni kunoa kumbukumbu za watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, na wa vyuo. La tatu ni kurejesha kumbukumbu zilizopotea.

La kwanza lina thamani ya pesa yake. La pili ni nusu ukweli. La tatu halifai kuuzwa popote, na ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa, kwa sababu linaweza kumgombanisha mtu na nduguze juu ya jambo ambalo halikutokea kamwe.

Kazi wanayoifanya vizuri ni ya kumwingiza mtu katika hali yenyewe. Mteja hukalishwa kwenye kiti cha kuegemea, miguu imeinuliwa kidogo. Watoa huduma wengine hutumia kitanda, na hapo watu husinzia kweli. Aliyesinzia hasikii anachoambiwa. Simu huzimwa kabisa, maana ule mtetemo mezani huvunja kila kitu. Kisha mteja anaelekezwa kukazia macho alama nyeusi iliyo ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho, ili kope zichoke zenyewe. Zikianza kupepesa, sauti inashuka, maneno yanapunguzwa kasi na kufuatana na pumzi yake. Misuli inalegezwa kuanzia nyayo, magoti, tumbo, mabega, mpaka taya. Taya ndiyo watu wengi huisahau, na hapa hawaisahau. Halafu inahesabiwa kumi kurudi moja. Yote huchukua kama dakika ishirini, na hawaharakishi.

Lugha ni chaguo la mteja: Kiswahili, Kidholuo au Kiingereza. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mama wa miaka sitini anayelegezwa kwa Kiingereza cha shule hubaki akitafsiri kichwani, na anayetafsiri hatulii.

Kasoro iko kwenye hatua inayofuata. Kila mteja hupelekwa mahali pamoja kimawazo, ufukweni mwa ziwa, maji yakipiga taratibu kwenye mawe. Kwa wengi picha hiyo ni tamu. Kwa mtu aliyepoteza ndugu majini, au aliyewahi kuponea kuzama, mapigo ya moyo hupanda palepale. Ingetosha kuuliza kabla ya kuanza: "Ni wapi hasa unapojisikia salama?" Swali hilo halichukui hata nusu dakika. Ukienda, litaje pahali pako mwenyewe kabla hujafumba macho.

Kuna wanaoogopa huduma hii kwa kuichanganya na visa vya kulishwa mchele, yaani kutiliwa dawa kisiri, mtu anapozindukia vichakani bila simu wala pochi. Hayo ni madawa ya kulevya, na ni uhalifu. Ndani ya hipnosisi mtu anasikia, anajua alipo, anaweza kukataa agizo na anaweza kufumbua macho akaondoka. Mwili unaweza kuwa mzito, lakini akili iko macho, imeelekezwa tu mahali pamoja na kuyaacha mengine.

Kijikaratasi cha mapokezi, hata hivyo, kinazungumzia "nguvu ya sumaku iliyo mwilini". Kiondolewe. Dai hilo ni la Franz Mesmer, daktari aliyevuma Vienna kisha Paris, na mwaka 1784 tume iliyoundwa na mfalme wa Ufaransa, iliyokuwa na Benjamin Franklin na mwanakemia Lavoisier, ililichunguza na kukuta kwamba matokeo yalitoka kwenye mawazo ya wagonjwa wenyewe. Daktari Mskoti James Braid, aliyefanya kazi Manchester, ndiye aliyelieneza jina la hipnosisi miaka ya 1840 na kuitenga na habari za sumaku. Zaidi ya karne mbili zimepita tangu tume ile. Hakuna sababu ya mteja wa Kisumu kulipia nadharia iliyokwisha kuanguka.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kutoa pesa ni kama utapimwa. Watu hawalingani katika wepesi wa kuingia hipnosisi. Wachache huingia kwa kina kirefu, wachache hawaingii karibu kabisa, walio wengi wako katikati, na hali hiyo haibadiliki sana maishani. Haihusiani na uhodari wa akili wala udhaifu wa imani. Kipimo kinachotumika katika utafiti, kile cha Chuo Kikuu cha Stanford cha mwaka 1962, kina majaribio kumi na mawili: mkono kushuka wenyewe, kusikia mbu asiyekuwepo, kusahau kwa muda na kadhalika. Hapa wanafanya mawili tu, la mkono kushuka na la vidole kufungamana, na wanayafanya baada ya mteja kuwa ameshalipia vikao vitatu. Lipia kimoja kwanza. Ukiona mkono wako haukushuka hata inchi moja na vidole vimefunguka kirahisi, hiyo ni habari muhimu: pesa za vikao viwili vilivyobaki zitumie kwa mshauri nasaha wa kawaida.

Kazi ya kuamsha wanaifanya kwa uangalifu, na tunawasifu kwa hilo. Kila agizo lililotolewa hufutwa moja moja kabla ya kuhesabu moja hadi tano: mkono uwe mwepesi kama kawaida, masikio yasikie kila sauti, macho yawe safi. Mahali wanapoharakisha, mteja huondoka na kichwa kinachouma au mkono unaohisi ganzi mpaka jioni. Baada ya hapo mteja hupewa maji na kukalishwa mapokezini robo saa. Usiikatae hiyo robo saa. Ngazi za pale ni mwinuko, na bodaboda wanasubiri chini. Kupanda pikipiki huku bado mzito si jambo la kujaribu.

Kwa wasiwasi na usingizi, basi, hii ni saa nzuri ya mafunzo ya kutulia, na rekodi wanayokutumia kwa WhatsApp ina maana kuliko kikao chenyewe, kwa kuwa kinachosaidia ni kurudia kila siku. Rekodi ni ya dakika ishirini na mbili. Sauti ni safi, ingawa muziki wa nyuma umepandishwa mno mwanzoni. Lakini haina sehemu ya kuamsha mwishoni. Ukiisikiliza usiku kitandani haina neno. Mchana, kazini au kwenye gari lililoegeshwa, weka kengele ya simu na ujihesabie mwenyewe moja hadi tano kabla ya kusimama. Anayeendesha asiisikilize kabisa, hata kwa sauti ya chini.

Tunashangaa hawauzi huduma ambayo ina ushahidi mzuri: hipnosisi ya tumbo, kwa watu wenye utumbo unaosumbua kwa maumivu, kujaa gesi na kuharisha au kufunga choo bila kidonda kuonekana. Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walichapisha jaribio lao la wagonjwa 30 mwaka 1984, na kazi hiyo imeendelea. Hapo ndipo chumba hiki na sauti hii vingefaa, baada ya daktari kuhakikisha tumbo halina ugonjwa mwingine.

Sasa watahiniwa. Kinachofanyika ni hiki: mwanafunzi akishatulia, anaambiwa kwamba kila alichosoma kimehifadhiwa na kitarudi akibana kidole gumba na cha shahada. Nusu yake ni kweli. Mtoto ambaye mikono hutetemeka na kichwa huwa cheupe mara tu karatasi ya hesabu inapogeuzwa, hufaidika na ishara ya mwili inayomkumbusha kushusha pumzi. Afanye hivi: abane vidole, avute pumzi kwa hesabu ya nne, aitoe kwa hesabu ya sita, mara tano, kila siku nyumbani kwa wiki kadhaa kabla ya mtihani. Ishara isiyofanyiwa mazoezi haitafanya lolote chumbani siku yenyewe.

Nusu ya pili ndiyo yenye hasara. Alichokisoma juujuu hakikuhifadhiwa, na hakuna sauti ya mtu itakayokirudisha. Mwanafunzi aliyeambiwa kitarudi huacha kurudia, na wazazi huacha kumhimiza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawapita. Basi mzazi wa Nyalenda au wa Free Area, Nakuru, mwenye shilingi 9,000 mkononi, anunue mitihani ya miaka iliyopita, anunue daftari. Mtoto asome mada, afunge kitabu, aandike anachokikumbuka, afungue asahihishe. Arudie kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Kikao kimoja cha kutulia juu ya hapo hakidhuru.

Tufike kwenye la tatu. Watu huleta shida za kweli: hati ya shamba iliyofichwa isionekane, namba ya gari lililomgonga mtu na kutoroka, maneno ya mwisho ya mzee kuhusu mpaka wa shamba, au hisia kwamba kitu kibaya kilitokea utotoni. Mtoa huduma humtuliza mteja, humrudisha nyuma mwaka hadi mwaka, kisha huuliza.

Kumbukumbu haikai kichwani kama video kwenye simu, ikingoja kufunguliwa. Kila unapokumbuka, ubongo huijenga upya kwa vipande vilivyobaki, na mapengo hujazwa na mazoea, na uliyoyasikia baadaye, na matarajio ya anayekuuliza. Hipnosisi inaongeza wepesi wa kuona picha kichwani, na papo hapo inalegeza ule ukali wa kujiuliza, "Nina hakika?" Ukiunganisha hayo mawili, unapata mtu anayesema mengi zaidi, kwa uhakika zaidi, bila usahihi kuongezeka.

Hilo limepimwa. Mwaka 1983 Jane Dywan na Kenneth Bowers wa Kanada waliwaonyesha watu picha 60, wakawapa siku kadhaa za kujaribu kukumbuka, kisha wakawaingiza baadhi katika hipnosisi. Wale wepesi wa kuingia walitaja vitu vipya mara mbili ya wenzao, na makosa mapya yao yakawa mara tatu. Mwaka huohuo Jean-Roch Laurence na Campbell Perry, pia Kanada, walichukua watu 27 walio wepesi sana wa kuingia, wakawarudisha kimawazo kwenye usiku mmoja wa wiki iliyopita na kuwadokezea kwamba waliamshwa na kelele. Baada ya kutolewa katika hipnosisi, 13 walisema kelele hizo zilitokea kweli. Baadhi yao walishikilia hivyo hata walipoelezwa kwamba zilitoka kwa mtafiti. Mwaka 1985 chama cha madaktari cha Marekani kilitoa tamko lake: yanayokumbukwa ndani ya hipnosisi huweza kuwa ya kubuniwa, na hayaaminiki kuliko yale ya kawaida.

Watangazaji wa huduma hii hupenda kutaja kisa cha Chowchilla, California, cha mwaka 1976. Watoto 26 na dereva wa basi lao la shule walitekwa. Dereva baadaye, katika hipnosisi, alitaja namba ya gari la watekaji akakosea tarakimu moja tu. Kisa ni cha kweli. Lakini namba ya gari ni kitu polisi wanaweza kukihakiki kwenye rejesta siku hiyohiyo. Ingekuwa ya uongo, ingejulikana. Maneno ya marehemu chini ya mwembe hayana rejesta.

Jinsi maswali yanavyoulizwa ndipo uharibifu unapoingia, na hapa kwenye chumba hiki unaonekana wazi. Swali salama ni: "Eleza unachokiona." Wanayouliza ni: "Anaingia sasa. Ni mwanamume? Ana nini mkononi?" Mteja hakuwa ametaja mtu yeyote. Sasa kuna mtu, ni mwanamume, na lazima awe ameshika kitu. Akiamka atamkumbuka huyo mwanamume, na sura anayompa mara nyingi itakuwa ya mtu anayemfahamu tayari: mjomba, jirani, baba wa kambo.

Mahakama za Marekani zimepambana na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1981, katika kesi ya Hurd, Mahakama ya Juu ya New Jersey iliweka masharti: mhoji awe mwanasaikolojia au daktari wa akili mwenye uzoefu na asiye wa upande wowote, alichoambiwa kabla kiandikwe, mhusika aeleze kwa kina anachokumbuka kabla ya hipnosisi, kila kitu kirekodiwe, na wawe chumbani wawili tu. California, mwaka uliofuata, katika kesi ya Shirley, ilikuwa kali zaidi ikakataa ushahidi wa namna hiyo. Pima huduma ya Milimani kwa masharti ya New Jersey. Hawarekodi. Hawaandiki maelezo ya kabla. Jamaa wa mteja huruhusiwa kukaa pembeni na hata kuchomeka swali, na jamaa huyo mara nyingi ndiye mwenye shauri la shamba. Cheti kilicho ukutani ni cha kozi ya mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi inayosajili watu wa fani hii; uliza namba ya usajili, na usione haya kuuliza.

Mwenye jambo lililo polisi au mahakamani asipite mlangoni hapo kabla ya kuandika kauli yake na kuzungumza na wakili. Ukishapita, hutaweza tena kutenganisha ulichokiona na ulichopewa.

Kuna njia bora na ya bure. Ronald Fisher na Edward Geiselman waliitengeneza miaka ya 1980 kwa ajili ya polisi kuhoji mashahidi, na inafaa hata kwa hati iliyopotea. Kaa peke yako, kabla ya kujadiliana na mtu. Rudi kimawazo mahali na saa ile: ulikuwa umevaa nini, redio ilikuwa ikisema nini, nani alipita, ulikuwa na haraka ya nini. Andika kila kinachokuja hata kikionekana cha kipuuzi. Kisha simulia kinyumenyume, kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mazoea hupenda kusimulia kwa kwenda mbele, na ukigeuza, mambo uliyoyaruka hujitokeza. Usikisie. Pasipojazwa pabaki wazi. Halafu nenda mahali penyewe kama panafikika: mtu aliyesimama tena kwenye stoo ile, mkono ukiwa juu ya rafu ileile, hukumbuka kuliko aliyefumba macho Milimani. Hati isipoonekana hata hivyo, ofisi ya ardhi ina utaratibu wa kutoa nyingine.

Neno moja kuhusu kusahau, kwa kuwa hipnosisi inaweza kufanya hilo pia. Kwa walio wepesi wa kuingia, agizo la kutokumbuka yaliyosemwa hushika mpaka litamkwe neno la kulifungua, na yote hurudi. Ni jambo la kweli na la kustaajabisha, lakini kinachozuiwa ni kufikia kumbukumbu. Kumbukumbu yenyewe iko palepale. Kwa hiyo wafiwa wanaoambiwa pale kwamba uchungu "utafutika" wanaahidiwa kisichowezekana. Uchungu ukirudi wiki ya pili hudhani wao ndio walioshindwa.

Fomu ya mapokezi inauliza jina, simu na lengo lako. Haiulizi kuhusu kifafa, kuumia kichwa, kusikia sauti, wala dawa unazotumia. Yaseme mwenyewe. Na kama usahaulifu umeanza karibuni, hasa kwa mzee, au baada ya ajali ya bodaboda, au umeambatana na kuchanganyikiwa, homa au kuumwa kichwa kusikoisha, basi safari ni ya hospitali: Jaramogi Oginga Odinga kwa walio Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti kwa walio Nakuru. Tezi ya shingoni inayofanya kazi polepole, upungufu wa vitamini B12, sonona, pombe na baadhi ya dawa za usingizi vyote huharibu kumbukumbu, na vingi vina tiba.

Ukiamua kwenda kwa ajili ya wasiwasi au usingizi, chukua nafasi ya asubuhi katikati ya wiki. Jumamosi vikao hubanwa, ile robo saa ya mwisho hukatwa, na jenereta ya jengo jirani hunguruma umeme ukipotea. Kula kidogo kabla, nenda chooni, vua miwani, na waambie mapema: kutulia tu, bila kurudishwa utotoni. Tukipima kwa hilo pekee tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwa kurejesha kumbukumbu, hatuipi hata moja.